Jamaa Mmoja Tu

Alhamisi, Julai 2008. Ruwi, Maskati.

Leo joto halina adabu kabisa. Saa tisa mchana lami inanata kwenye ndala, na hewa ni nzito kama taulo bichi lililosahauliwa bafuni. Nimeingia hapa kwa Mhindi wa intaneti, nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni, ile iliyofutika herufi A. Kiyoyozi kinapuliza. Mwili umepoa, moyo bado.

Nina hasira. Nasema mapema ili anayesoma asije akalalamika kwamba sikumwambia.

Hasira yenyewe ni ya neno moja.

Kwa wasionijua, mimi ni kibarua wa gereji hapa Wadi Kabir. Nafungua magari mabovu, natoa injini, nabeba, naosha vyuma kwa dizeli. Huu ni mwaka wa sita. Kwetu ni Kondoa. Shule niliishia darasa la tano, ila kusoma na kuandika sikuacha, na blogu hii alinifungulia Mkenya mmoja tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja kabla hajarudi kwao.

Binti yangu Zaina anaolewa mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mwezi wa kufunga. Mara ya mwisho nilimwona akiwa mtoto wa kulia akisukwa nywele. Arbab, ndivyo tunavyomwita tajiri wetu hapa, alishanikubalia likizo. Kilichobaki kilikuwa kunipa pasi yangu tu.

Pasi haitoki. Ngoja nieleze kwa nini.

Mwezi wa tano polisi wa kwetu waliwaandikia polisi wa huku kuomba msaada. Kuna magari yaliibiwa Maskati, yakafutwa namba za chasisi, yakatiwa kwenye makontena na kuteremshwa Dar es Salaam. Katika waliotajwa yumo Chande. Huyu Chande alifanya kazi na sisi gereji miezi minne, kisha siku moja akapitia Dubai akapotea, hata godoro lake hakulikunja. Basi sote tuliofanya naye kazi tukaitwa kituoni kuandikisha maelezo.

Nilikwenda bila wasiwasi. Nakiri hata nilifurahi. Nilijisemea, afadhali, sasa serikali mbili zinasaidiana, mwizi wa huku hana pa kujificha kule. Nilioga, nikavaa shati la Ijumaa.

Kiarabu changu ni cha gereji. Shil, beba. Hat, lete. Sakkir, funga. Kwa hayo huwezi kuandikisha maelezo ya polisi. Kwa hiyo walimleta mkalimani, Mzee Nasor, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Yeye mwenyewe alikuja huku akiwa mtoto mdogo. Kiswahili chake ni kizuri kukisikiliza, cha taratibu, kila kha na gha mahali pake. Niliposikia salamu yake nilijiona kama nimefika nyumbani.

Askari akauliza, Mzee Nasor akanigeuzia: "Chande unamjua?"

Nikajibu: "Namjua. Ni jamaa mmoja tu, tulikuwa naye gereji."

Wewe wa bara unajua nilichosema. Ukimwita mtu jamaa mmoja tu, umemsukuma mbali. Hujamwita ndugu, hujamwita rafiki, umekataa hata kumwita kwa jina. Ni mtu tu, alikuwepo, akaondoka. Nililichagua neno lile makusudi, nisikae karibu na Chande hata kwenye karatasi.

Mzee Nasor akamgeukia askari. Katika maneno yake ya Kiarabu nikasikia jamaa. Nikasikia tena, jamaa wahda. Wahda nalijua, ni moja. Nikafurahi kama mjinga. Nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, jamaa mmoja. Nilidhani neno langu limevuka salama bila kuguswa. Nikatia sahihi na kidole gumba juu yake.

Jamaa kwa Kiarabu ni kundi.

Niliandikisha kwamba mimi na Chande ni kundi moja. Na nilitikisa kichwa.

Sikujua. Nilirudi kazini, nikaendelea kuosha vyuma na kuhesabu siku za kwenda kumwoza mwanangu. Ile karatasi yenyewe ilikuwa safarini. Ikatoka kwenye Kiarabu ikaingia kwenye Kiingereza, ikafika kwetu, ikatiwa Kiswahili kipya. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu Iddi alinipigia simu.

"Kaka, una kundi gani huko?"

Polisi wawili walifika kwa mama mchana kweupe, pikipiki ikaegeshwa katikati ya uwanja, mtaa mzima ukaja kuangalia. Mama aliwatolea viti. Alidhani wameleta habari ya kifo changu. Mmoja akafungua karatasi akasoma kwa sauti kwamba mwanawe amekiri kuwa yeye na Chande ni kundi moja. Wakauliza huwa naleta nini nyumbani. Wakauliza nani huja pale kwa niaba yangu. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, na maisha yake yote hajawahi kukaa uso kwa uso na polisi.

Iddi anasema walipoondoka, mama alivifuta vile viti kwa maji na sabuni.

Siku ya pili akaja baba wa bwana harusi. Hakugombana. Afadhali angegombana. Alikunywa chai, akamwambia Iddi kwa upole: "Sisi hatujavunja. Ila baba wa binti aje mwenyewe tumtazame usoni, ndipo tuzungumze ndoa." Iddi akamwambia kwamba naweza kumpa yeye uwakala kwa simu, sheria inaruhusu. Mzee yule akasema sheria anaijua, anachotaka ni uso.

Kwa hiyo nisipofika, Zaina haolewi. Na polisi wamemwambia arbab asinipe pasi, kwa hiyo sifiki.

Nilikimbilia kituoni. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima zake, sina la kumlaumu. Alinionyesha kwa mikono: hujakamatwa. Kisha: ila husafiri. Nikauliza mpaka lini? Mpaka kwenu wajibu. Iddi naye akaenda kuuliza kwetu, wakamwambia wao wanasubiri Maskati ijibu.

Huu ndio ushirikiano wenyewe. Huku wanasubiri kule, kule wanasubiri huku, na mimi nimekaa katikati na bisibisi mkononi. Chande alivuka mipaka mitatu na hakuna aliyemsubirisha hata robo saa. Aliyebaki mahali pake, anayejulikana anapolala, anayefika kazini saa kumi na mbili asubuhi, huyo ndiye wanayemweza. Magari hayajapatikana. Mwizi hajapatikana. Nimepatikana mimi, tena sikuwa nimejificha.

Nasema haya na bado nataka Chande akamatwe. Msinielewe vibaya. Mtu aliyeibiwa gari Maskati ana haki ya kusaidiwa na polisi wa Dar. Lakini watu wanaopelekeana barua kuhusu maisha ya mtu, wanashindwaje kumuuliza mwenyewe mara ya pili: wewe, hapa ulikuwa na maana gani?

Leo ni mapumziko ya wiki, huku ni Alhamisi na Ijumaa. Asubuhi nikaamua kwenda nyumbani kwa Mzee Nasor, Darsait. Nilipajua kwa sababu baada ya siku ile ya kituoni alileta gari lake kwetu, nami ndiye niliyelirudisha. Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali. Nilipanga hata mahali pa kupaza sauti.

Kumbe nyumba ya Mwomani haikuachii ugombane hivi hivi. Nimetoa shikamoo, ameniitikia, na kabla sijafungua mdomo kumewekwa sahani ya halwa na birika la kahawa. Huwezi kuanza shida yako kabla hujala. Nikakaa chini kwenye zulia, vidole vinanata halwa, namtazama mtu aliyenifungia safari. Jaribu wewe kumfokea mtu ukiwa unalamba kidole.

Kikombe cha tatu nikakitikisa, ndiyo ishara ya kuwa nimetosheka, nikasema: "Mzee, umeniandika mwizi."

"Audhubillahi! Mie?"

Nikamweleza yote. Polisi kwa mama, viti, baba wa bwana harusi. Alisikiliza akiwa ameshika tasbihi, na nilipofika kwenye neno lenyewe akaiweka chini.

"Sikiliza, bwana. Wewe umesema jamaa. Mie nimeandika jamaa. Umesema mmoja. Nimeandika moja. Sikuongeza, sikupunguza. Khatia yangu nini?"

"Mzee, kwetu jamaa ni mtu yeyote."

"Mtu yeyote ni mtu. Jamaa ni watu wako. Mie nnakwambia, tangu nimezaliwa nikisikia jamaa najua ni damu, au watu mlio kitu kimoja. Kama ulitaka kusema mtu, ungesema mtu."

"Mimi sikujua kwamba nafanya mtihani wa Kiswahili."

Nilisema hivyo, tena kwa sauti. Nikaona aibu papo hapo, kwa mzee, ndani ya nyumba yake. Yeye akaichukua tena tasbihi yake. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia la mlango wa ndani, sauti ya mtu aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo.

"Nasor, nawe! Usimwonee mtoto wa watu."

Ni mkewe, Bi Zuwena. Watu wake ni Waomani waliokaa Tabora, na amekulia huko mpaka amekuwa msichana. Nimelijua hilo leo, na laiti ningelijua mapema ningemwomba yeye awe mkalimani.

"Sie Tabora," akasema, "mbwa akipita tulikuwa tukisema jamaa huyo kapita. Mwizi kaiba kuku, jamaa kaiba kuku. Balozi wa nyumba kumi akija, jamaa kaja. Ingekuwa ni damu, mie ningekuwa nina udugu na mji mzima!"

"Zuwena, hii ni kazi ya serikali."

"Basi serikali ingekuuliza mkeo. Miaka thelathini unanicheka Kiswahili changu cha bara, leo kimekufunga kamba mwenyewe. Mwanangu, kula halwa, usimsikilize."

Nilitaka kucheka. Mzee Nasor naye nilimwona mdomo unamcheza. Lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena, na alipozungumza sauti yake haikuwa ileile.

"Mie nimefanya kazi hii miaka mingi. Sijapata kuandika kwamba nimekosea."

Hapo hasira yangu ikapungua kidogo, nami sikutaka ipungue. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kunitosha wiki nzima.

Akasema Jumamosi asubuhi tutakwenda pamoja kituoni. Ataeleza kwa mdomo wake na kwa maandishi kwamba neno la bara amelichukua kwa maana ya pwani na ya Kiarabu. Huku watawaandikia kwetu, na kwetu watalifuta lile kundi. Akaniambia akimpata ofisa mwenyewe, jambo linaweza kwisha kwa siku chache. Nikaanza kuhesabu kichwani. Siku chache, pasi, ndege, basi la Kondoa. Nafika.

"Lakini maelezo yataanza upya," akasema. "Utaapa. Watakuuliza yote tangu mwanzo. Safari ile walikuuliza kama unamjua tu. Safari hii watakuuliza ulimwona akifanya nini."

Akanitazama. Hakuuliza. Alinitazama tu, na mimi nikatazama sahani.

Sasa hapa ndipo penye kazi ya kuandika.

Nimewahi kumwona.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, gereji imefungwa. Ufunguo wa stoo nakaa nao mimi. Chande akaniomba grenda, ile mashine ya kukatia na kusugulia chuma, akasema kuna gari anataka kulitoa kutu. Nikampa. Baadaye nikaenda kuichukua. Nilimkuta amechutama karibu na gurudumu la gari kubwa jeupe, cheche zinaruka, anasugua pale pale penye namba. Gari lile halikuwa na kutu hata ya kupaka kucha. Aliponiona hakushtuka. Alipangusa jasho akasema, "Kutu hii, kaka, haiishi." Nikaipokea grenda. Jiwe lake lilikuwa bado la moto. Nikaifungia stoo, nikaenda zangu.

Sikusema kitu siku ile, wala siku niliyoitwa polisi.

Kwa nini? Nimejiuliza njia nzima kutoka Darsait. Sikupewa kitu, Mungu shahidi. Ni kwa sababu pale gereji wengine wote ni Wahindi na Wabangali, na yeye ndiye pekee niliyekuwa nikizungumza naye Kiswahili. Ijumaa alikuwa akisonga ugali. Alikuwa akiniita kaka. Mtu akikaa mwaka bila kuitwa kaka, anaweza kufumba macho kwa jambo kubwa.

Ndiyo maana neno lile lilinijia haraka mbele ya askari. Jamaa mmoja tu. Nilikuwa namtupa mtu ambaye nilikuwa nimekula sahani moja naye, ili nisiulizwe zaidi. Mzee Nasor alikosea neno. Mimi nililitoa neno lile likiwa na uongo ndani yake.

Lakini sikuwa kundi lake. Hilo nalisema hata mbele ya Kaaba. Na hasira yangu iko palepale, isipokuwa leo ameongezeka mtu wa kukasirikiwa.

Nilipotoka Darsait nikampigia Iddi. Nilitaka kumpa habari ya Jumamosi. Kabla sijasema, akaniwahi:

"Kaka, wale jamaa wamekuja tena."

"Jamaa gani?"

"Si wale polisi!"

Nikaegemea ukuta wa duka la vipuri. Nikacheka mpaka mwenye duka akatoka nje kunitazama. Iddi anauliza, kaka una nini? Namwambia sina kitu. Ningemwelezaje? Polisi ni jamaa, mwizi ni jamaa, mbwa wa Tabora ni jamaa, na mimi ndiye niliyefungiwa mlango kwa ajili ya neno hilo.

Halafu akampa simu Zaina. Sikutegemea. Akasema, "Baba, unakuja?" Sauti imekuwa ya mtu mzima, ya mama yake kabisa. Nikasema nashughulikia. Akasema, "Bibi anasema hata wakija mara kumi, viti atavitoa vilevile." Kisha salio likaisha.

Nikisema Jumamosi lile neno tu, nikamwacha Mzee Nasor akubali kosa lake, nikanyamaza la grenda, huenda nikasafiri. Nikisema yote, huenda wakanibakiza kuwa shahidi, au wakaniona nilimsaidia. Sijui. Hakuna wa kumuuliza. Nikinyamaza nitakwenda kukaa mbele ya baba wa bwana harusi, naye anataka kunitazama usoni, na uso wangu najua utakuwa na nini.

Yule mzee amekubali, baada ya miaka yote hiyo, kuandika kwa mkono wake kwamba amekosea. Mimi niende pale nikae kando yake, nimsikilize akijivua nguo peke yake?

Hapana.

Nimeandika nitakachosema. Nimekifupisha, nimekisoma mara nne, nimekichunguza neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Chande nilifanya naye kazi miezi minne. Hatuna udugu. Tulikula pamoja. Siku moja nilimpa grenda ya gereji, nikamwona anafuta namba, nikanyamaza. Wizi wake sikushiriki. Neno jamaa halimo.

Limebaki tatizo la grenda. Sijui Mzee Nasor ataiita nini kwa Kiarabu, na sidhani kama naye anajua. Akisema mashine, wataandika mashine gani? Akisema silaha, nimekwisha.

Sitampa nafasi ya kubahatisha. Jumamosi alfajiri nitamwomba arbab ruhusa, nifungue stoo, niichukue grenda yenyewe, niitie kwenye mfuko. Nitaiweka mezani kwa askari, na waya wake.

Waandike wanachokiona.